Vumbi Rafiki la Kiwanda cha Matrekta

Nchi ninayotaka kuisimulia sitaitaja jina. Si woga. Jina lake limekatazwa kutamkwa na mtu aliyekaa, nami ninaandika nimekaa kwa sababu ya mgongo. Itoshe kusema ni nchi njema, yenye mvua za kutosha na viongozi wa kutosha na wengine wa akiba. Mimi ni raia mwema wa nchi hiyo. Serikali ikikanusha jambo, ndipo ninapojua kwamba lipo, na huwa ninashukuru kwa kujulishwa.

Tulikuwa na Kiwanda cha Matrekta. Kila trekta lililotoka pale lilipakwa rangi ya kijani, likafungwa utepe, likapigwa picha na Waziri wa Viwanda, Mheshimiwa Lupembela, kisha likarudishwa ndani kwa mlango wa nyuma ili lipigwe picha tena siku nyingine. Wakulima waliendelea kulima kwa jembe la mkono, ila sasa walilima wakijua kwamba trekta lipo. Waziri alisema kujua ni nusu ya kulima. Machache yaliyofika mashambani yalisifiwa sana kwa breki zake, kwani hata yale yasiyokwenda yalisimama vizuri.

Breki hizo zilitengenezwa katika jengo refu la mabati lililoitwa Banda la Breki. Zilihitaji nyuzi laini nyeupe zinazochimbwa kwenye mwamba, zisizoshika moto, ziitwazo asbesto. Nchi nyingine zilikuwa zimeanza kuziogopa. Mizigo iliyokataliwa huko kote ilikaribishwa kwetu kwa ngoma na vigelegele, maana sisi mgeni hatumfukuzi. Bandani wafanyakazi walizichanganya na gundi, wakazikandamiza, wakatoboa brekishuu zinazobana gurudumu na kusugua plati za klachi mpaka hewa yenyewe ikawa nyeupe. Jioni, kwa ajili ya usafi, walipuliza meza kwa upepo wa kompresa. Vumbi la mezani likapanda hewani, la hewani likaingia vifuani, na meza zikabaki safi kabisa.

Watu waliotoka humo walikuwa na nyusi nyeupe na kope nyeupe. Watoto wao waliwapokea mlangoni kwa "Shikamoo, babu!" wakacheka mpaka wakakaa chini. Wake zao walizikung'uta ovaroli uani kabla ya kuziloweka. Wingu lilipanda likatua kwenye vyungu, kwenye kuku, na kwenye vifua vya waliokung'uta.

Kisha watu wakaanza kukohoa.

* * *

Isidhaniwe kwamba serikali ilinyamaza. Iliunda kamati. Kamati ilikaa katika hoteli iliyo mbali sana na kiwanda, ili isipendelee upande wowote, ikatoka na ugunduzi mkubwa: lile halikuwa vumbi la kawaida bali lilikuwa Vumbi Rafiki. Vumbi adui, kamati ilieleza, ni lile la barabarani, ambalo huchafua magari ya viongozi. Vumbi Rafiki huingia mwilini kwa hiari yake na kukaa humo kwa upendo bila kutoka tena.

Mheshimiwa Lupembela alikuja kulitangaza jambo hilo yeye mwenyewe. Alilizunguka Banda la Breki akiwa ndani ya gari lake jeusi, vioo vimepandishwa, akizungumza kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya paa.

"Ndugu wananchi! Nimefika! Nimeona! Nimevuta hewa yenu kwa mapafu yangu haya, na nathibitisha kwamba ni hewa tamu kuliko ile ya milimani nilikozaliwa! Anayekohoa anakohoa kwa sababu zake binafsi! Serikali haiwezi kumkoholea kila mtu!"

Watu walipiga makofi. Wengine walipiga ili kukung'uta mikono.

Barakoa nazo zilifika, tusiseme uongo. Zilifika boksi kwa boksi, zikagawiwa kwa wale wote waliotumwa kuja bandani kueleza kwamba barakoa hazihitajiki.

* * *

Miongoni mwa waliokohoa alikuwa Lugendo, pande la mtu, mtoboa brekishuu. Injini ilipotakiwa kunyanyuliwa, yeye ndiye aliyeanzisha wimbo, wenzake wakaitikia, na chuma kikainuka kama kimeona haya kubaki chini. Aliingia bandani akiwa kijana. Sasa alianzisha wimbo, akafika katikati ya ubeti, akakaa juu ya kreti akitafuta pumzi, na injini ikabaki palepale watu wakimtazama.

Akaenda kwa Daktari Mkuu wa Viwanda. Huyu alikuwa Daktari Mchau, bingwa wa magonjwa ya kuku, aliyepandishwa cheo akapewa watu.

"Unavuta sigara ngapi kwa siku?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Sivuti, daktari."

"Uliacha lini?"

"Sijawahi kuanza."

Daktari aliandika huku akijisomea kwa sauti: "Mvutaji, hatua ya kabla ya kuanza." Kisha akafungua kabati la dawa, akatoa pakiti ya sigara, akaisukuma mezani. "Hizi ni za serikali. Vuta kidogo kidogo, bwana. Tayari ugonjwa unao, sasa tunautafutia sababu yake."

Lugendo aliirudisha pakiti. "Vuta wewe, daktari. Mimi nitakushikia kuku."

Kwa utovu huo wa nidhamu alipewa Cheti cha Mvutaji palepale, chenye muhuri, na akaambiwa akitundike sebuleni. Mkewe Nyamizi alikitia jikoni chini ya kuni. Nyamizi alikuwa mwembamba, mkali wa maneno, na kwa miaka mingi ndiye aliyekung'uta ovaroli ya mumewe uani. Naye alikuwa ameanza kukohoa, lakini hakwenda kwa daktari kwa kuwa hakutaka kuanzishiwa sigara.

Hapa ninapandwa na hasira kidogo, mnisamehe. Raia mwema hapaswi. Lakini nilikuwa nikimsikia Lugendo akiimba tangu upande wa pili wa reli, ninakoishi, na ghafla nikawa simsikii.

* * *

Lugendo alilala miezi kadhaa, akikaa wima kitandani kwa sababu akilala chali hewa ilikataa kuingia. Siku moja, jua likiwa kali nje, alimwita mkewe na rafiki yake wa bandani aitwaye Sikudhani.

Sikudhani alikuwa mama wa makamo aliyesugua plati za klachi meza ya jirani. Lakini kwa Lugendo alikuwa zaidi ya mwenzake wa kazi. Yeye alikuwa mtu wa Mabondeni, na Lugendo mtu wa Milimani, na watu hao ni watani tangu mababu zao walipochoka kupigana. Mtani wako atakuita mwizi mbele ya wakwe zako, nawe utacheka. Siku ukifa, mtani ndiye atakayekuja msibani amevaa nguo zako, atembee kama ulivyotembea, apige chafya kama ulivyopiga, aingie ndani ya kaburi lako na kulizuia mpaka agombolewe. Hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia. Anayekasirika huonekana hana kwao. Serikali yetu imewahi kukataza mambo mengi, lakini utani haikuugusa, maana hata polisi wana watani, na hata polisi watazikwa.

"Kufa nimekubali," Lugendo alisema kwa vipande vipande. "Kila mtu atakufa. Lakini nasikia wamenichongea kibao cha kaburi. Cha saruji. Wameandika mvuta sigara."

"Ni kweli," Nyamizi alisema. "Nimekiona kinakaushwa juani pale stoo."

"Nikizikwa chini ya kibao hicho, na ninyi mnarudi bandani Jumatatu, mnapuliza kompresa. Kila mtu atasema Lugendo alijitakia." Akapumzika. "Sikubali. Sikudhani, mtani wangu, usiniache nizikwe na uongo."

Sikudhani alimtazama, machozi yakimlengalenga, akasema kama mtani anavyopaswa kusema: "Wewe Mlima, hata kufa unataka usaidiwe! Lala. Kaburi lako nitalikalia mpaka waombe po."

Lugendo alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikwisha upesi. Siku chache baadaye alifariki.

* * *

Mazishi yalisimamiwa na Wizara. Hili ni jambo la heshima sana kwetu, kwa kuwa familia inabakiwa na kazi ya kulia tu.

Waziri alifika na msafara. Alifika Meneja wa kiwanda, alifika Daktari Mchau, zikafika kamera, kikafika na kile kibao cha saruji kikiwa kimebebwa na wanaume, kimefunikwa kitambaa cha kijani na kufungwa utepe kama trekta. Utepe ukakatwa. Maneno yalisomeka vizuri: HAPA AMELALA LUGENDO, MVUTA SIGARA. SERIKALI ILIMWONYA.

Watu wa Banda la Breki walisimama upande wa pili wa kaburi. 

"Ndugu waombolezaji!" alianza Mheshimiwa Lupembela. "Marehemu alikuwa mchapakazi! Alikuwa nguzo! Lakini nguzo ilijichoma yenyewe! Moshi, ndugu zangu, moshi! Angelivuta Vumbi Rafiki peke yake, bila kulichanganya na tumbaku, leo tungekuwa naye hapa, akizikwa mtu mwingine! Kwa hiyo, katika kumuenzi, Banda la Breki litafunguliwa Jumatatu alfajiri badala ya asubuhi, ili..."

Alikatishwa na kikohozi.

Kilikuwa kikohozi cha Lugendo. Watu waligeuka wote, na baadhi ya wanawake wakapiga ukelele, kwa sababu kilianza chini kabisa, kikapanda kwa kukwama mara mbili, kikamalizika na ule mluzi mwembamba ambao kila mtu wa bandani aliujua. Kisha akatokea Sikudhani amevaa ovaroli ya buluu kubwa kuliko yeye, mikono imekunjwa, na ovaroli hiyo ilikuwa nyeupe kwa vumbi tangu kola hadi pindo. Nyusi zake zilikuwa nyeupe. Kope zake zilikuwa nyeupe. Alitembea kwa hatua ndefu za Lugendo, akasimama, akajishika kiuno, akatafuta kreti ya kukalia asiipate.

Watu walicheka na kulia kwa pamoja, kama inavyokuwa. Nyamizi alicheka mpaka akashikwa na kikohozi chake mwenyewe, akashikiliwa.

Sikudhani aliteremka kaburini, akakaa.

"Nani huyo anamzika Mlima bila idhini ya Bonde?" aliuliza kutoka chini.

Waziri aliziangalia kamera, akatabasamu. Naye alikuwa mtu wa Milimani, kama alivyojitangaza mara nyingi nyakati za kura, na hakutaka kuonekana hana kwao. "Aa, mtani wangu! Toka, tafadhali. Taja kilemba chako, tukupe, tuendelee na ratiba."

"Pesa yako sitaki, Mlima wewe. Nataka umuage mwenzako."

"Nimemuaga kwa hotuba."

"Hotuba haikumbatii." Sikudhani alipanda juu, akaivua ovaroli taratibu, akabaki na gauni lake na kanga, akaishika mabegani akiikunjua mbele ya Waziri. "Vaa nguo ya ndugu yako. Kidogo tu, mikono miwili, upigwe picha, uvue. Hapo kaburi nitakuachia, na kibao chako ukiweke unapotaka."

Waziri alirudi nyuma hatua moja. "Mila zetu nazienzi, lakini saizi yangu..."

"Ni pana, itakutosha. Unaogopa nini? Si ni rafiki? Mbona rafiki yako unamkimbia?"

"Mimi sikimbii!" Waziri alisema, akirudi nyuma hatua nyingine. "Daktari! Mwelimishe huyu mama!"

Lakini Daktari Mchau alikuwa amekwisha kuweka leso puani.

Sikudhani aliinua ovaroli juu, akaikung'uta mara moja, kwa nguvu, kama wanawake wa pale walivyokuwa wakifanya uani kwao kila wiki.

Wingu jeupe likaelekea upande wa serikali.

Jamani, nimeona viongozi wetu wakikimbilia vyeo, lakini siku ile walikimbia kweli. Daktari Mchau alitangulia, bingwa wa kuku akiwa na mbio za kuku. Meneja alikipiga mweleka kile kibao, kikaanguka kwenye jiwe, kikakatika katikati. Wabeba kamera walikimbia na kamera zao zikiwa zinapiga picha mawingu. Polisi walitazamana, wakamtazama mkubwa wao, wakamkuta hayupo. Mheshimiwa Lupembela alijitupa ndani ya gari jeusi, akalipigia kelele dirisha: "Pandisha kioo! Pandisha! Mnataka kuniua?"

Neno hilo lilisikika hadi nyuma kabisa. Kipaza sauti juu ya paa kilikuwa hakijazimwa.

* * *

 Sikudhani aliutazama mkono wake mweupe, akatia kidole mdomoni, akalamba.

"Muhogo," alisema. "Ulitwangwa na Nyamizi jana. Umekauka vizuri, mtani."

"Na ovaroli ni mpya," Nyamizi alisema. Alisogea karibu, akaongea akiwa ameelekea lile gari lililokuwa likiondoka. "Ile yenyewe nimeilowesha na kuifukia mbali, ndani ya nailoni, mahali ambapo hapachimbwi. Nisingemvalisha mtu ile. Mimi si serikali."

Hapo ndipo nilipowaona watu wa Banda la Breki wakibadilika sura. Mzee Matembo, fundi wa mashine ya kukandamizia, mtu mpole asiyewahi kumpandishia mtu sauti, aliivua kofia yake akaifinyanga mikononi.

"Kumbe wanajua," alisema. "Miaka yote hii tulisema maskini, hawajui, wako mbali, wataelezwa. Tulikuwa tunawasamehe. Kumbe wanajua!"

Mimi pia nilikuwa nikiwasamehe. Ujinga wa mkubwa ni mzigo ambao raia mwema huubeba kwa niaba yake. Siku ile niliutua, na sijaona sababu ya kuubeba tena.

Walimzika Lugendo wenyewe. Wimbo wa kushusha jeneza ulianzishwa na Nyamizi, kwa sauti iliyokatikakatika, na wenzake wakaubeba pale alipoishiwa pumzi. Kibao kilichokatika kilisukumwa mtaroni. Sikudhani alileta saruji mbichi kidogo katika karai, akaimwaga kichwani pa kaburi, akaandika kwa kijiti: LUGENDO. FUNDI. HAKUVUTA SIGARA. ALIFANYA KAZI BANDA LA BREKI.

* * *

Serikali yetu hainyamazi. Jioni ile redio ilitangaza kwamba hakuna kiongozi aliyekimbia, bali walikuwa wakiwahi kikao, na kikao kilikuwa ndani ya gari. Kesho yake unga wa muhogo ulipigwa marufuku kwenye mikusanyiko. Kamati mpya iliundwa kuchunguza kama muhogo una madhara kwa binadamu, na hiyo, kwa mara ya kwanza katika historia, ilivaa barakoa.

Jumatatu alfajiri king'ora kililia. Wafanyakazi wa Banda la Breki walikuja wote, wamevaa nguo za nyumbani, wakakaa chini nje ya mlango. Nyamizi alikuja na kiti chake, akakiweka mbele kabisa, akajifunga kanga kwa sababu ya ubaridi. Alikohoa, akanyamaza, akakohoa tena. Hakuna aliyejidanganya kwamba kile kikohozi kingepona, naye mwenyewe hakujidanganya. Ndani, kompresa ilikuwa imezimwa, na vumbi lilikuwa limetua juu ya meza, juu ya mashine, juu ya kreti.

Gari jeusi lilifika jua likichomoza. Vioo vilikuwa juu.

"Ninyi watu wa Banda la Breki!" kipaza sauti kilisema. "Nawaamuru mwingie kazini! Mnahujumu kilimo! Taifa litasimamaje bila breki?"

Sikudhani aliinuka, akajikung'uta gauni, akaenda akaufungua mlango mkubwa wa banda pande zote mbili. Weupe wa ndani ukaonekana mpaka mwisho wa ukuta. Akasogea pembeni, akainama kidogo kwa adabu, kama mtu anayemkaribisha mgeni sebuleni.

"Tutaingia, mtani," alisema. "Tangulia."

 Kipaza sauti kilisema kwamba Waziri anamkasimu Meneja jukumu la kutangulia.

"Tangulia, Meneja," wafanyakazi walisema kwa pamoja, nao walijipanga kumpisha njia.

Meneja alimkasimu Daktari. Daktari Mchau alisema ana mafua. Basi mkuu wa polisi akaamriwa awatie watu ndani kwa nguvu. Alikuja na vijana wake hadi kizingitini, marungu mikononi, na pale kizingitini wakasimama, kwa kuwa humwingizi mtu mahali ila nawe uwe tayari kuingia. Aliutazama ule weupe. Akamtazama Nyamizi kitini, naye Nyamizi akamtazama bila kupepesa.

"Karibu, mwanangu," Nyamizi alimwambia. "Tangulia, sisi tunakufuata."

Mkuu wa polisi aliligeukia gari, akapiga saluti.

"Mheshimiwa," alisema, "tangulia."

Muda umepita sasa tangu hayo yatokee. King'ora hulia kila alfajiri, watu huja wakakaa, gari jeusi huja likasimama, na mlango uko wazi. Hajatangulia mtu.